Miaka Minne ya Maximo, Ikitazamwa Kutoka Mtowisa

Mtowisa iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, kwenye joto na mashamba ya mpunga. Anayetoka mjini Sumbawanga huacha baridi ya Ufipa na kuteremka kona kali za Lyambalyamfipa kabla hajaifikia. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na Mbrazili Marcio Maximo alipokabidhiwa timu ya taifa, Taifa Stars, mwaka 2006, barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa bado ya vumbi. Kwa watu wa bondeni, Maximo alikuwa sauti ya mtangazaji wa redio zaidi kuliko mtu wa kuonekana. Ndiyo sababu Mtowisa ni mahali pazuri pa kumpimia. Dar es Salaam humpima kwa ugomvi wa Simba na Yanga. Huku swali ni jingine: yule ambaye hakuwahi kukata tiketi ya Uwanja wa Taifa alipata nini? Kwa maoni yangu, alipata timu ya kuishabikia. Njia ya mwanawe kufika kwenye timu hiyo hakuipata, na kosa hilo halikuwa la kocha.

Tukumbuke alichokikuta. Tanzania ilikuwa imecheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara moja tu, Lagos mwaka 1980, chini ya kocha Mpolandi Slawomir Wolk. Baada ya hapo ikafungwa na kila mtu, hadi Rais Ali Hassan Mwinyi akaufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa. Maneno hayo yaliganda. Hata leo timu ikifungwa hayakosekani barazani. Rais Jakaya Kikwete alipoingia madarakani Desemba 2005, serikali yake ilikubali kubeba mshahara wa kocha wa kigeni, na Shirikisho la Soka chini ya Leodegar Tenga likamleta Maximo. Wasifu wake haukuwa wa kutisha. Alikuwa amefundisha vijana wa Brazil na timu ya Visiwa vya Cayman, na mwaka 2003 akawa Mbrazili wa kwanza kufundisha klabu ya Uskoti, Livingston, ambako hakumaliza hata msimu. Kwa nchi iliyozoea kufungwa, Ubrazili wake peke yake ulitosha kuwa habari.

Naye aliujua uzito wa habari. Alihimiza watu wavae jezi ya taifa, wapeperushe bendera, waje uwanjani kama Watanzania na waache unazi wa klabu nyumbani. Matokeo nayo yakamsaidia. Septemba 2006 Burkina Faso ikalala 2-1 jijini Dar es Salaam, na Juni 2007 ikafungwa tena, 1-0, kwao Ouagadougou. Senegal ikabanwa 1-1 Kirumba, Mwanza. Juni 2008 Cameroon ya Samuel Eto'o ikaondoka Dar es Salaam na suluhu. Kisha Stars ikazitoa Kenya, Uganda na Sudan na kufuzu fainali za kwanza za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, mwaka 2009 nchini Ivory Coast, ambako bao la Mrisho Ngasa liliwafunga wenyeji. Redio ndogo ya betri ilitosha kumfanya mvuvi wa Ziwa Rukwa awe mshirika wa siku kama hiyo, na sidhani kuwa hilo ni jambo dogo katika nchi ambayo mapenzi ya soka yalikuwa yamegawanywa na klabu mbili za Kariakoo.

Wapo watakaosema shangwe si kombe. Ni kweli. Stars ilipigwa 4-0 Dakar. Septemba 2007 ilifungwa 1-0 na Msumbiji kwenye uwanja mpya wa taifa, na safari ya fainali za Mataifa ya Afrika za Ghana 2008 ikaishia hapo. Kwenye CHAN, huko Abidjan, ilitolewa kwa upungufu wa pointi moja. Wengine hawajamsamehe kwa kumweka pembeni Juma Kaseja, kipa ambaye mashabiki wengi walimwona bora kuliko wote nchini. Katika hili la pili nadhani walalamikaji walikuwa na hoja: nidhamu ni jambo jema, lakini nchi isiyo na utitiri wa makipa haiwezi kumudu adhabu ndefu. Hata hivyo, hoja zote mbili zinahusu wachezaji ishirini na kitu ambao tayari walikuwa wanaonekana. Hazigusi namna walivyopatikana.

Hapo ndipo penye shida yenyewe, nayo ilianza kabla Maximo hajaifahamu Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ilisimamisha michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, kwa madai kwamba inaharibu masomo, na ikarejeshwa baadaye, wakati wa Kikwete. Kwa kijana wa Dar es Salaam marufuku hiyo ilikuwa usumbufu tu, kwa sababu ndondo na timu za mchangani zilikuwepo kila mtaa, na wasaka vipaji walikuwa hatua chache kutoka hapo. Kwa kijana wa Mtowisa michezo ya shule ndiyo iliyokuwa ngazi: kutoka shule hadi kata, kutoka kata hadi wilaya, kisha kuupanda mlima hadi timu ya mkoa mjini Sumbawanga. Aliyekuwa na miaka 12 ngazi ilipoondolewa alikuwa na 19 au 20 Stars ilipokwenda Abidjan. Kumleta Maximo katika hali hiyo kulikuwa kuajiri mvunaji hodari kwenye shamba ambalo msimu wa kupanda uliachwa upite.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kulikuwa na Kombe la Taifa, ambalo mikoa ilipeleka timu zake. Ndiyo, lakini mashindano ya wiki chache huonyesha aliyekwisha kulelewa, hayamlei mtu. Wala kocha wa timu ya taifa haajiriwi kuzunguka vijijini.

Juni 2010 Brazil yenyewe ikaja Dar es Salaam ikielekea Afrika Kusini, ikashinda 5-1, na mwaka huohuo Maximo akampisha Mdenmark Jan Poulsen. Aliporudi mwaka 2014 kuinoa Yanga, aliifunga Azam 3-0 katika Ngao ya Jamii, lakini Desemba akafungwa na Simba 2-0 na kibarua kikaota nyasi. Mbrazili mwenzake Robertinho aliifikisha Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2023, naye akaondolewa mwaka huohuo baada ya kufungwa na Yanga 5-1. Makocha huja na kwenda hivyo. Sumbawanga nayo imekwisha kuonyesha kwamba ina uwanja na ina watu: Agosti 2020 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Simba ikiifunga Namungo 2-1, na Oktoba Prisons wakaifunga Simba palepale 1-0. Serikali iliyoweza kumlipa Maximo miaka minne inaweza kumlipa mwalimu wa michezo wa Mtowisa na nauli ya timu yake kupanda mlima. Madiwani wa Rukwa waidai bajeti hiyo kabla hatujaanza tena kubishana kuhusu jina la kocha ajaye.