Mayschoss: Ushirika wa mvinyo uliowakomboa wakulima

Zabibu zilizoiva hazingojei bei nzuri. Katika karne ya 19 wakulima wa bonde la mto Ahr, magharibi mwa Ujerumani, waliuza mavuno yao kwa bei waliyopangiwa na wafanyabiashara, na umaskini ukawasukuma wengi kuhamia Marekani.

Disemba 1868, wakulima 18 wa kijiji cha Mayschoss waliunda chama cha ushirika, kinachotajwa kuwa kikongwe kuliko vyote vya mvinyo duniani. Zabibu zilikamuliwa pamoja, na mvinyo ukatunzwa ghalani hadi bei ifae.

Mafuriko ya Julai 2021 yaliua watu zaidi ya 130 bondeni humo na kukiharibu chama. Hata hivyo, watu wa kujitolea walisaidia kuvuna. Kidole kimoja hakivunji chawa.