Mlimani na Maneno ya Kompyuta

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka 30 baadaye, mwishoni mwa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kiitwacho Mlimani, kilishirikiana na kampuni ya Uswidi kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Anayehesabu mashine ataiona nchi iliyochelewa. Anayetazama kazi yenyewe ataona kwamba Mlimani haikuanza mikono mitupu. Programu kama hiyo inahitaji kwanza watu wakubaliane juu ya maneno, na makubaliano hayo yalikuwa yakitafutwa tangu 1930, ilipoundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili. Kamati hiyo ilihamia chuoni Dar es Salaam mwaka 1964, baadaye ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), na mwaka 1981 ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Lakini orodha ya maneno peke yake haitoshi. Neno moja, “hatukuwaandikia”, limebeba ukanushi, mtenda, wakati, watendewa, mzizi na kauli. Mashine iliyofundishwa kutafuta maneno kamusini haitalipata. Chuo Kikuu cha Helsinki kilifaulu hapo: tangu 1985 Arvi Hurskainen alijenga mfumo wa SALAMA wa kuchanganua Kiswahili, akitumia mbinu ambayo Kimmo Koskenniemi aliibuni kwa Kifini, lugha nyingine yenye maneno ya viambishi vingi. Sarufi, somo lililodhaniwa kuwa la walimu wa lugha tu, ikawa msingi wa uhandisi.

Wapo wanaosema jitihada hizi ni bure, kwa kuwa kompyuta hufundishwa vyuoni kwa Kiingereza. Hoja hiyo inamtazama mwanafunzi wa chuo na kumsahau karani, mkulima na mtoto wa shule ya msingi. Wengine hutaja “tarakilishi”, neno lililotungwa kwa makini ilhali wengi wamebaki na “kompyuta”. Ni kweli, lakini “tovuti”, “barua pepe” na “nenosiri” yamekubalika. Msomi hupendekeza, mtumiaji huamua. Kukataliwa kwa neno moja hakubatilishi kazi ya kupendekeza. Kwa hiyo chuo kinachotaka kuikabili teknolojia mpya kisipime bidii yake kwa idadi ya kompyuta maabarani. Kiwalipe wanaoandika kamusi na kuchambua sarufi, maana mashine haitakijua Kiswahili zaidi ya walivyokichunguza wao.