Jiandikishe Mapema, Chelewa Kulipa: Asilimia za Diploma na Mlango wa Chuo Kikuu Kolwezi

Tangu Mtihani wa Serikali uanzishwe nchini Kongo mwaka 1967, diploma hubeba namba ambayo mwenye nayo hataachana nayo maisha yake yote. Kwa sheria, aliyepata asilimia 50 amefaulu. Kolwezi, hata hivyo, kila familia yenye mtoto aliyemaliza sekondari inajua kuwa kuna kufaulu kwa aina mbili. Mwenye 70 huulizwa anaingia kitivo gani. Mwenye 53 hushauriwa atulie kwanza, afanye kazi kidogo, mwakani ataona. Makala haya yanamhusu huyo wa pili, na yanadai kwamba ushauri anaopewa unachanganya mambo mawili. Udhaifu wa alama unaweza kumwonyesha aingilie mlango upi. Hauwezi kumwambia aingie lini.

Tuanze na namba yenyewe, kwa sababu inaheshimiwa kuliko inavyostahili. Mtihani wa Serikali una insha ya Kifaransa inayoandikwa kabla ya kikao chenyewe, kisha siku nne za maswali ya kuchagua jibu: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya mchepuo. Siku hiyo ya mchepuo ndiyo inayovuruga ulinganisho. Aliyetoka Hisabati na Fizikia na 54, na aliyetoka Ualimu na 68, hawakujibu maswali yaleyale. Kumweka wa pili juu ya wa kwanza kwenye orodha ya waombaji wa uhandisi ni kujumlisha kilo na mita. Kuna jambo jingine ambalo walimu wa Kolwezi wanalijua vizuri ingawa halionekani kwenye diploma. Kijana anayeongea Kiswahili nyumbani, sokoni na uwanjani husoma hata swali la hisabati kwa Kifaransa. Akishindwa kuelewa sharti moja lililofichwa katika sentensi ndefu, hupoteza alama ya hesabu ambayo angeweza kuifanya akiwa amefumba macho. Kwa hiyo ipo 53 ya mtu asiyejua somo, na ipo 53 ya mtu asiyeelewa lugha ya swali. Diploma haizitofautishi. Anayeweza kuzitofautisha ni prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule ya sekondari, akikaa na buleteni (ripoti za alama) za miaka miwili ya mwisho, na kazi hiyo inapaswa kufanywa kabla mzazi hajatamka neno "ngoja".

Sasa kungoja kwenyewe. Kungoja hakubadilishi namba iliyokwisha kuchapwa. Kunabadilisha maandalizi, kama mwaka huo umepangiwa maandalizi. Tatizo la Kolwezi ni kwamba mwaka wa kungoja una mpangaji wake tayari, naye ni mgodi. Mji huu, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, umezungukwa na ajira zinazoonekana kwa macho: mashimo ya kampuni ya KCC pale KOV na Mashamba Mashariki, Sicomines, Kamoa iliyoanza kutoa shaba mwaka 2021, kampuni za kandarasi ndogo zinazobadilisha vibarua kila baada ya miezi michache, na wachimbaji wa mikono ambao hawaulizwi asilimia. Kijana wa miaka 18 anayeambiwa "fanya kazi mwaka mmoja kwanza" hukuta fedha za haraka, kisha hukuta watu wanaotegemea fedha hizo. Msichana anayengoja hukuta posa. Kwa hiyo huo "mwaka mmoja" huwa na tabia ya kurefuka.

Wanaotetea kungoja husema mgodi utamsaidia kuweka akiba ya ada. Wakati mwingine ni kweli. Lakini akiba hiyo imejengwa juu ya bei ambayo haipangwi Lualaba. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote duniani, na bado bei ilipoporomoka baada ya kilele cha mwaka 2018, kampuni ya Glencore ilisimamisha mgodi wa Mutanda mwishoni mwa 2019. Mwezi Februari 2025 ilikuwa serikali yenyewe iliyozuia usafirishaji wa kobalti nje ili kuinua bei. Wazee waliokuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hawahitaji mifano hii. Waliona mgodi wa Kamoto ukiporomoka mwaka 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa ule mpango wa kuacha kazi ulioitwa wa hiari. Kumwambia mtoto aahirishe chuo kwa kutegemea mshahara wa mgodi ni kumkabidhi kwa kitu kilichowahi kuwaangusha wazazi wake.

Je, basi akimbilie kujiandikisha? Hapa upande wa pili nao una hoja yenye nguvu. Matokeo yanapotoka, mwenye alama za kati hushikwa na hofu kwamba viti vitaisha, akalipia kitivo chochote kilicho wazi, mara nyingi kile kisichomchuja mtu. Katika hili Marekani ina funzo. Kule vyuo vingi hupokea maombi ya mapema, kwa kawaida mwanzoni mwa Novemba, na baadhi humfunga mwombaji: akikubaliwa, ameahidi kwenda. Mwaka 2006 Harvard na Princeton zilitangaza kuacha maombi ya mapema kwa sababu yaliwanufaisha watoto wa wenye nacho, ambao wana habari na washauri. Mwaka 2011 zote mbili zikayarudisha. Utafiti wa Avery, Fairbanks na Zeckhauser, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuwa umekadiria kwamba kuomba mapema kunamfaa mwombaji sawa na kuongezewa alama 100 hivi katika mtihani wa SAT. Kolwezi hakuna ahadi ya maandishi kama hiyo, lakini minervali, yaani ada ya chuo, ikishalipwa familia imefungwa. Fedha ya baba haigeuki nyuma.

Ndiyo maana ninatenganisha kuomba na kulipa. Mwenye 53 ajiandikishe mapema kadiri awezavyo pale ambapo kuna mtihani wa kuingilia, kwa sababu mtihani huo ndio nafasi ya pekee ya kuonyesha kwamba diploma ilimsema vibaya. Akienda Lubumbashi, yapata kilomita 300, kufanya mtihani huo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, gharama yake ni nauli na malazi. Akishindwa, amejua mapema, na milango ya Chuo Kikuu cha Kolwezi au ya taasisi za ufundi bado inaweza kuwa wazi. Ada kamili ingoje mpaka ajue.

Mfumo wa LMD (Licence-Master-Doctorat), ulioanza vyuoni mwaka wa masomo 2021-2022, unaongeza uzito kwa upande wa kutongoja. Zamani mwenye kushindwa mwaka wa kwanza aliweza kujikuta anaurudia karibu wote. Sasa krediti alizopata hubaki zake, katika 60 za mwaka. Aliyeingia na msingi dhaifu akipata 35 mwaka wa kwanza hajarudi sifuri. Aliyengoja nyumbani hana hata moja.

Ninakubali kwamba yuko mmoja anayepaswa kungoja: yule ambaye buleteni zake zinaonyesha kweli hakulijua somo, na ambaye familia yake inaweza kumlipia mwaka wa kusoma, Kifaransa na hisabati, bila kumpeleka kazini. Watu hao Kolwezi ni wachache, na si wao wanaoambiwa wangoje.

Vyuo vina sehemu yao. Vinadai asilimia fulani kwa vitivo fulani, na wazazi huzijua kwa uvumi au dirishani siku ya kujiandikisha. Vitivo vya Lualaba na vya Haut-Katanga, jimbo la Lubumbashi, vichapishe viwango hivyo kabla ya Juni, pamoja na hesabu moja ambayo tayari imo katika makabati yao: kati ya walioingia na chini ya 60, wangapi walivuka mwaka wa kwanza, mchepuo kwa mchepuo.