Mji wa GeoCities na Kurasa za Kwanza za Intaneti

Watu waliokwisha zoea intaneti tangu mwanzo wake huzisifu sana kurasa za zamani. Sifa hizo hazitokani na uzuri. Rangi zake zilipigana, picha zilichelewa kufunguka, na nyingi ziliwekwa kibao cha kuarifu kwamba ujenzi ungali ukiendelea. Sababu yake yaonekana katika historia ya GeoCities.

Tarehe 30 Aprili 1993, CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, ambako Tim Berners-Lee alibuni mtandao wa kurasa, kiliutoa uvumbuzi huo bure kwa watu wote. Mwaka uliofuata David Bohnett na John Rezner walianzisha huko California, Marekani, kampuni ambayo baadaye iliitwa GeoCities. Waliipanga kama mji wenye mitaa: Athens kwa wapenda falsafa na elimu, SunsetStrip kwa wapenda muziki, SiliconValley kwa mafundi wa kompyuta. Aliyetaka kukaa alipewa kiwanja bure, chenye nambari yake, akajenga kwa alama chache alizoziandika mwenyewe. Asiyejua alizifunua alama za jirani yake akajifunza. Wengi waliweka pia kitabu cha wageni.

Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliununua mji huo kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3. Mwaka huo huo ilitoa masharti yaliyoipa haki pana juu ya maandishi ya wakazi. Wakazi wakapinga, nayo masharti yakarekebishwa. Lakini swali lilikuwa limekwisha zuka: nyumba ni ya nani, ya aliyeijenga au ya mwenye kiwanja? Jibu lilipatikana tarehe 26 Oktoba 2009, mji ulipofungwa, isipokuwa sehemu ya Japani iliyodumu hadi 2019. Watu wa kujitolea wa Archive Team walinakili walichoweza kabla ya kufungwa.

Hivyo wanaozitamani kurasa hizo hukumbuka uhuru wa mtu wa kawaida kuandika na kupamba apendavyo. Lakini husahau kwamba hata wakati ule walikuwa wapangaji. Hati nyingi za kale zilizotufikia ziliokolewa na wanakili, wala si na uimara wa karatasi. Ndivyo ilivyo kwa maandishi haya: mali bila daftari hupotea bila habari.