Simba wa Nakuru, ua wa umeme na hesabu ndogo

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya programu, lakini leo naomba tuiache kodi kidogo, twende mbugani. Msijali, hesabu itakuwepo.

Mbuga ya Ziwa Nakuru ilianza mwaka 1961 kama hifadhi ya ndege, ikawa mbuga ya kitaifa mwaka 1968. Miaka ya 1980 ilizungushiwa ua wa umeme ili kuwakinga vifaru na majangili. Ua ule umesaidia sana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 570,674 mjini Nakuru, na bila ua sijui tungeishi vipi na simba hapo mlangoni.

Lakini simba si mnyama wa kukaa mahali pamoja. Dume kijana hufukuzwa kwao akiwa na miaka miwili au mitatu, akatembea mbali kutafuta majike wasio ndugu zake. Ndivyo vinasaba huchanganyika. Mbuga nzima ina kilomita za mraba 188, ziwa likiwemo. Sasa kijana huyo akifika kwenye ua, aende wapi?

Jibu tunaweza kulitafuta kwa jirani zetu Tanzania, kwenye kreta ya Ngorongoro. Pale hakuna ua, ila kingo za kreta na madume wenyeji huwazuia wageni karibu vilevile. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaonyonya damu walizaana kupita kiasi. Simba walijaa vidonda, wakashindwa kuwinda. Kutoka simba 70 hivi wakabaki 10: majike 9 na dume 1. Miaka michache baadaye madume 7 waliingia kutoka nje.

Sasa hesabu niliyowaahidi. Wataalamu wa vinasaba hawahesabu vichwa tu. Chukua idadi ya madume, zidisha kwa majike, zidisha kwa 4, kisha gawanya kwa jumla yao. Kwa dume 1 na majike 9 unapata 3.6. Yaani vichwa ni kumi, lakini kiurithi ni kama simba wasiofika wanne. Ukigawanya 1 kwa mara mbili ya namba hiyo, unapata sehemu ya utofauti inayopotea kila kizazi: karibu asilimia 14. Ongeza wale madume 7, tuseme wote wamezaa, na hasara inashuka hadi asilimia 3 hivi. Madume saba tu! Ukitaka, iandike kwenye programu ya mistari mitano ubadilishe namba mwenyewe.

Idadi ilipona, ikapita 100 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa macho, kazi imekwisha. Ila mwaka 1987 D. E. Wildt na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba madume wa kreta walikuwa na mbegu zenye kasoro nyingi kuliko wa Serengeti. Mwaka 1991 Craig Packer na wenzake wakaonyesha, wakisaidiwa hata na picha za watalii, kwamba simba wote wale walitokana na wazazi 15 tu. Ni kama faili moja lililonakiliwa mara mia: kosa lililo ndani yake liko kwenye nakala zote.

Je, linatibika? Ndiyo. Afrika Kusini, mbuga ya Hluhluwe-iMfolozi ilikuwa na simba waliotokana na wachache waliofika miaka ya 1950 na 1960. Kati ya 1999 na 2001 waliletwa simba 16 kutoka mbuga nyingine, na watoto wenye damu mpya wakaishi vizuri kuliko wale wa ndugu kwa ndugu.

Turudi Nakuru. Ziwa limepanda kutoka kilomita za mraba 40 hivi mwaka 2010 hadi zaidi ya 60 mwaka 2020, likameza hata lango kuu. Nchi kavu imepungua. Kenya yote ina simba takribani 2,500, kwa hiyo kila kundi lina uzito wake.

Sisemi ua ung'olewe. Nasema ua ni nusu ya kazi. Tukimfungia simba njia, tumejitwika kazi aliyokuwa akiifanya mwenyewe kwa miguu: kuleta dume au jike wa nje kila kizazi, na kuandika nani kazaa na nani. Gharama yake ni lori, daktari wa mifugo na daftari. Kuchelewa ndiko ghali, kwa sababu kinasaba kikishapotea hakina chelezo.

Haya, kesho kutwa turudi kwenye kodi. Mkiwa na maoni, karibuni.