Nani Alikuambia?

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wazazi hapa Nakivale, mama mmoja alisimama na simu ya mtoto wake mkononi. Akasema: "Hiki ndicho kinaua watoto wetu. Usiku hawalali, mchana hawasikii." Wazazi wakapiga makofi. Sisi tunaofanya kazi na vijana tukaulizwa: hii mitandao ni mizuri au mibaya? Siku ile nilijibu ovyo. Leo najibu kwa historia, maana sisi watu wa Maziwa Makuu tumelipa bei kubwa kwa sababu ya habari.

Tuanze na redio. Mwezi wa 7 mwaka 1993 ilianza kule Rwanda redio inaitwa RTLM. Vijana waliipenda. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji walichekesha, waliongea kama watu wa mtaani. Mwaka 1994, mauaji yalipoanza, redio ile ile ikawa inataja watu na mahali walipo ili wauawe. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wake. Kwa hiyo tusiseme ubaya ulianza na Facebook, ambayo ilizaliwa 2004.

Lakini redio hiyo hiyo ni kifaa kilichookoa watu. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi ili waliopotezana watafutane. Yaliitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia. Wazee wetu wanakumbuka pia zile karatasi za Msalaba Mwekundu. Zilikuwa wazi, bila bahasha, habari za familia tu. Zilichelewa sana, lakini ulijua nani amekuandikia.

Sasa nifike kwangu. Mwaka 2015 nilikuwa na miaka 14, tunaishi Buyenzi, Bujumbura. Mwezi wa 4 maandamano yalianza, na mwisho wa mwezi huo huo WhatsApp na Facebook zikazuiwa kwenye simu. Vijana tukatafuta njia za kuzunguka. Tarehe 13 na 14 mwezi wa 5, siku za jaribio la mapinduzi, redio binafsi zilishambuliwa, nyingine zikachomwa. Asubuhi mtu anafungua redio, kimya. Ndipo waandishi wa habari wakaanza SOS Médias Burundi, wakawa wanatoa habari kwenye mitandao. Kwa wengi wetu simu ndiyo ikawa redio.

Tatizo ni kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha uvumi. Jioni moja niliingiziwa ujumbe wa sauti kwenye grupu: eti usiku huo mtaa fulani utavamiwa. Sikuuliza kitu. Nilirusha kwa watu kama ishirini, na shangazi yangu alikuwa mmoja wao, maana alikaa mtaa ule. Nilijiona nimemsaidia.

Shangazi alitoka usiku na watoto watatu. Kwenye msongamano wa watu, mtoto wa kati, wa miaka 9, akapotea. Na kule mtaani usiku ule hakukutokea kitu.

Yule mtoto alichukuliwa na majirani waliokuwa wanakimbilia Tanzania. Walifika Kagunga, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika, mahali ambapo watu wetu wengi walilala nje na kipindupindu kikawakuta. Kutoka hapo meli ya Liemba iliwapeleka Kigoma, kisha wakafika kambi ya Nyarugusu. Miezi miwili shangazi hakujua kama mwanawe ni mzima. Alimpata kwa picha ambayo jirani alituma kwa WhatsApp. Simu zilimpoteza mtoto, na simu ikamrudisha.

Ndiyo maana siwezi kumwambia yule mama avunje simu. Hapa kambini nawaona vijana wanaojifunza hesabu kwa video na wanaoongea na dada zao walio Australia. Nawaona pia waliotumiwa ujumbe "lipa upate nafasi ya kwenda Kanada", wakauza mahindi ya nyumbani wakalipa, na nafasi haikuwepo. Kupelekwa nchi ya tatu hakulipiwi.

Kufunga hakutoshi. Mwaka 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao. Mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, ikaja nyingine kwenye mega zenyewe. Uongo ulikuwepo kabla, ukaendelea kuwepo. Na tangu mwanzo wa 2019 WhatsApp inazuia kurusha ujumbe mmoja kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Inasaidia, lakini watano wanatosha kabisa kukimbiza mtaa.

Mwaka jana nilipata ujasiri nikamwambia shangazi kwamba nilimtumia habari ambayo sikuijua ilikotoka. Alinyamaza kwenye simu. Kisha akaniuliza: "Na wewe, nani alikuambia?" Sikuwa na jibu, mpaka leo sina.

Sasa kila Jumamosi kwenye kikundi chetu nawauliza vijana swali hilo kabla hawajarusha kitu: nani alikuambia, na yeye alikuwepo? Nawaomba wazazi waulize hivyo hivyo jioni, bila fimbo. Na nyinyi wa mashirika, mnapokuwa na habari ya posho au ya safari, tuambieni mapema na kwa jina lenu. Mkikaa kimya, mtu mwingine atasema kwa niaba yenu.