Laskari: baharia aliyepewa jina la askari

Mwaka 1906 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumwongezea baharia nafasi ya kulala melini. Awali alitengewa futi za ujazo 72. Sasa zikawa 120. Hata hivyo, si kila aliyevuta kamba au kutia makaa kwenye tanuri la meli ya Kiingereza aliipata nyongeza hiyo. Aliyeandikishwa kwa jina la "lascar", ambaye hapa tutamwita laskari, aliachwa nje. Mshahara wake nao mara nyingi ulikuwa kati ya robo na theluthi ya ule wa baharia Mzungu. Walisafiri meli moja, wakapigwa na mawimbi yale yale. Mkataba ndio uliowatenga.

Neno hilo halikuzaliwa baharini. Asili yake ni Kiajemi, lashkar, yaani jeshi, na wanaisimu hulihusisha na neno la Kiarabu lililotupa sisi askari. Wareno walipotawala njia za Bahari ya Hindi katika karne ya 16, walilitumia kwa wapiganaji wenyeji waliowaajiri. Huko Ceylon, Sri Lanka ya leo, vikosi vya lascarin viliwatumikia Wareno, kisha Waholanzi, mwishowe Waingereza. India nako Waingereza walikuwa na malaskari wa mizinga, wasaidizi wa chini kabisa katika vikosi hivyo, na malaskari wa mahema, ambao kazi yao ilikuwa kusimika kambi. Henry Yule na A. C. Burnell walipochapisha kamusi yao, Hobson-Jobson, mwaka 1886, maana hizo bado zilikuwamo. Iliyokuja kushinda zote ni ile ya baharini: Mhindi, na mara nyingine Myemeni au Msomali, anayefanya kazi katika meli ya Mzungu.

Msomaji wa pwani yetu angejikuta nyumbani akisikiliza majina ya vyeo vyao. Kiongozi wa malaskari aliitwa serang; sisi tunamjua kama serahangi. Mshika usukani aliitwa seacunny, jina lenye shina moja na usukani wetu. Chini ya serang alikuwapo tindal. Serang alikuwa na nguvu kubwa kuliko cheo chake kinavyosikika. Yeye ndiye aliyewatafuta vijana, aghalabu kutoka kijijini kwake au katika ukoo wake, akawakopesha fedha wakisubiri safari, kisha akakata chake kwenye mishahara yao. Kijana asiye na serang alikuwa na kazi kweli kupata meli. Ndiyo maana chumba cha mitambo kilijaa watu wa Sylhet, ambayo leo iko Bangladesh, na jikoni na mezani wakahudumu Wagoa.

Sheria ilikuwa imeanza kuwabagua mapema. Tangu 1660 meli ya Kiingereza ilitakiwa robo tatu ya mabaharia wake wawe Waingereza. Lakini meli zikifika India, wengi wao walikufa kwa maradhi au walitoroka, na nafasi zao zikajazwa na malaskari. Wakishafika London, sheria ile ile ilifanya iwe vigumu kuwachukua tena kwa safari ya kurudi, nao wakabaki barabarani na baridi ya huko. Mwaka 1786 wafadhili wa London walipounda kamati ya kuwasaidia weusi maskini, hali ya malaskari wenye njaa ndiyo iliyowashtua kwanza. Sheria ya 1823 ikalimaliza jambo kwa ukali: mzaliwa wa India, ingawa alikuwa raia wa Mfalme, hakuhesabiwa kuwa baharia wa Kiingereza, na ilikuwa lazima arudishwe kwao.

Mwingereza mwenyewe alikuwa na jina la utani, tar, yaani lami, kwa sababu alipaka lami kamba na nguo zake zisiingie maji. Lilikuwa jina la mapenzi, na hakuna aliyekatwa mshahara kwa ajili yake.

Mwafrika wa pwani hii aliyeajiriwa kwenye manowari aliandikwa Seedie, neno lililotokana na sidi. Wengi waliajiriwa Zanzibar wakati wa doria dhidi ya biashara ya watumwa, hasa baada ya manowari kuukuu HMS London kutia nanga mbele ya mji mwaka 1874. Walichochea moto, walipiga makasia kufukuza majahazi, na wengine walikuwa wakalimani. Baadhi yao walikuwa wametoka utumwani wenyewe. Vitabu vyetu vya historia huwataja makapteni na mabalozi wa Kiingereza ukurasa baada ya ukurasa. Watu hawa wanastahili zaidi ya mstari mmoja.

Neno laskari liliendelea kusafiri. Mauritius lilikuja kumaanisha Mwislamu, tena kwa dharau, kwa kuwa mabaharia wengi waliokaa Port Louis walikuwa Waislamu. Ufaransa likawa mtu jasiri na mjanja, na leo ni kijana wa vitongoji vya nje ya jiji. Indonesia limebaki karibu na asili yake: vikosi vya raia waliopigania uhuru kuanzia 1945 viliitwa laskar, na riwaya maarufu ya Andrea Hirata ya mwaka 2005 inaitwa Laskar Pelangi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, malaskari wapatao 51,000 walikuwa katika meli za biashara za Uingereza. Mnara uliojengwa Kolkata mwaka 1924 unawakumbuka 896 waliokufa katika vita hivyo. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, wengi waligoma katika bandari mbalimbali wakidai mishahara zaidi. Baadhi walifungwa jela, lakini nyongeza ilipatikana.

Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki na wauguzi, na miongoni mwa mabaharia walikuwamo malaskari. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Majina ya askari wa Afrika Mashariki waliopotea yamechongwa kwenye mnara wa East Africa Memorial, Nairobi. Mabaharia wa India waliokufa katika vita hivyo bila kaburi, zaidi ya 6,000, majina yao yameandikwa katika kitabu kinachohifadhiwa Mumbai, na nakala yake iko Chittagong.